Hewa Aliyoionja Luse

Sikupanga kulala Uyole. Nilipanga kufika, kuzika, kutoa pole na kupanda basi la mchana kurudi Iringa, maana misiba inanishinda. Kukaa kwenye jamvi saa nzima nimenyoosha miguu ni adhabu kwangu tangu nikiwa msichana, na sasa nywele zimekuwa nyeupe lakini miguu haijajifunza kutulia. Baba Tumpe, mzee aliyenifundisha kuzama majini, amekufa kwa uzee tu, kitandani kwake, mkavu kabisa, jambo ambalo mwenyewe angelicheka. Nilikuwa namtafuta mjane wake nimuage nilipomwona mwanamume amesimama peke yake nyuma ya nyumba, karibu na tangi la saruji, mikono mgongoni, akichungulia ndani. Tangi lenyewe halina maji siku hizi, wamewekea viazi vya mbegu. Nilimjua kwa mabega. Mabega yale yalishika kamba yangu mwaka mzima nikiwa chini ya maji, na tangu mwaka ule ulipoisha tulikuwa hatujaonana, mimi na Lusekelo, Luse kama tulivyomwita. Basi la mchana likaondoka bila mimi.

Ya kwetu nilikotoka nayaruka, hayana msaada hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa Uyole najifunza ushonaji, na nilikuwa naharibu vitambaa vya watu. Siyo kwamba sikujua kushona. Nilikuwa siwezi kukaa. Nikishona mshono mmoja nasimama kuangalia malori yanayopita kwenda Tunduma, nikirudi sindano imekatika. Siku moja Baba Tumpe aliingia na mfuko wa turubai uliochanika, akanikuta nimesimama dirishani wenzangu wote wameinama kwenye cherehani. Akamuuliza mwalimu, "Huyu mbona hakai?" Mwalimu akajibu bila kuinua kichwa, "Huyo hakai, mzee. Kama una kazi ya kusimama mchukue." Baba Tumpe alinitazama mabega na nyonga kama mtu anayepima mlango, kisha akaniuliza kama naogopa maji. Nilimwambia sijui, sijawahi kuyaona mengi. Jibu hilo lilimpendeza, na jioni hiyo hiyo nilihamia kwenye chumba cha uani nyumbani kwake.

Kazi yake ilikuwa moja tu katika nyanda zote zile, ndiyo maana alikuwa nayo peke yake. Mashimo ya dhahabu kule Makongolosi yakifurika, pampu zilizozama alizitoa yeye. Mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi, kuteremka mpaka upande wa Mgololo, machujio na malango yake yalipoziba alizibua yeye. Alikuwa amezamia miaka mingi bandarini Ziwa Nyasa, mpaka masikio yakamkataa. Akishuka kidogo tu yanamuuma hadi anatapika. Lusekelo, kijana wa hapo hapo Uyole aliyenizidi kama miaka miwili, ndiye aliyekuwa akishika kamba, na mabega yake hayakuweza kupita kwenye mdomo wa lango lolote. Kwa hiyo alitafutwa mtu mwembamba. Baba Tumpe alinipa mwaka mmoja. "Ukiweza kujichagulia pumzi yako na kurudi nayo salama, kazi ni yako," alisema. "Ukishindwa, cherehani inakungoja." Nilisikia neno cherehani likanisisimua mwili. Sikuwahi kutaka kitu katika maisha yangu kama nilivyotaka kutorudi kwenye kile kiti.

Chumba changu kilikuwa nusu changu, nusu cha mitungi. Mitungi ya hewa ilisimama ukutani, mashine ya kuijaza ilikaa chini ya dirisha, na kona nyingine kulikuwa na magunia ya viazi ya Mama Tumpe, kwa hiyo ukilala unanusa mpira, oili na udongo kwa pamoja. Mpaka leo nikipita gengeni penye viazi vibichi moyo unanienda mbio. Chakula tulikula jikoni, sote wanne tumezunguka moto kwa sababu ya baridi: ndizi za kupika na maharage, au ugali na kabeji, na togwa kwenye kikombe kikubwa cha bati. Hapo ndipo nilipoiona desturi ya nyumba ile. Anayetoa kinywaji hunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako, anangoja kidogo, ndipo anakukabidhi kwa mikono miwili. Kwenye vilabu vya pombe jambo hilo ni la kawaida, mtu aonyeshe hajakuwekea kitu. Lakini Mama Tumpe alikuwa mtu wa kanisa, pombe hagusi, na bado alionja hata chai. Mara ya kwanza nilipompa Luse maji bila kuonja, alikishika kikombe akakitazama, akanirudishia. "Anza wewe, Vero," alisema taratibu. "Sisi hapa hatupeani kitu ambacho mwenyewe hukijui."

Ndivyo alivyofanya na hewa pia. Kabla mzamiaji hajaingia majini, Luse alichukua regulata, akaiweka mdomoni mwake, akavuta na kutoa, akavuta na kutoa, macho ameyafumba. Kisha anaitoa, anatazama juu anangoja, kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Ndipo anasema, "Iko safi, shika," na kuninyooshea kwa mikono miwili. Kwa asiyejua, hewa ya mtungini imebanwa kwa nguvu ambayo ingempasua mtu mapafu, na regulata ndiyo inayoipunguza. Kichwa chake kinafungwa kwenye mtungi, unafuata mpira mrefu, na mwisho wake kinywa cha kung'ata kinachotoa hewa pale tu unapovuta. Jirani yetu mmoja aliposikia tunangoja regulata kutoka Dar es Salaam, alimpongeza Mama Tumpe kwa kupata jiko la gesi.

Regulata zenyewe zilikuja kwa basi, mbili, zimefungwa kwenye blanketi. Mfanyabiashara alikuwa anatukopesha zote mbili tuzijaribu, mwisho wa mwaka moja irudi. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, na kitasa cha kuzungusha pembeni. Tuliiita Nyepesi, maana ilikuwa inakupa hewa kabla hujamaliza kuitamani. Nyingine ilikuwa imechubuka, nzito, na kichwa chake kilifunikwa kwa kofia ya mpira iliyojazwa mafuta ndani, maji yasifike kwenye springi. Hiyo ilikuwa Nzito. Kuivuta Nzito ni kama kuvuta kimpumu, ile pombe ya kienyeji, chenye machicha kwa mrija: lazima uamue. Tulikwenda Matema, ziwani, nikafundishwa huko wiki kadhaa kwenye maji ya uvuguvugu ambamo unaziona kucha za miguu yako, na nilizijaribu zote mbili. Nilitoka majini nimeshachagua. Nilikuwa mtu wa haraka, nikapewa hewa ya haraka, ningetafuta nini tena?

Baba Tumpe aliniachia. Alikuwa na sheria kwamba anayezama ndiye anayechagua, na sheria hiyo ilimuudhi mke wake. Siku moja niliwasikia kupitia ukutani, mimi nimelala nahesabu mabati, wao wakidhani nimesinzia. "Unaijua ile ya kofia ni nzuri," Mama Tumpe alisema. "Kwa nini humwambii? Huyu ni mtoto wa watu." Baba Tumpe alikohoa. "Nikimchagulia mimi, siku ikimgomea kule chini ataanza kunilaumu mimi. Akilaumu hafikirii. Acha alaumu mkono wake." Kisha Mama Tumpe akasema, "Na asiporudi, nani ataulaumu mkono wake?" Niligeuka upande mwingine nikaitazama Nyepesi iking'aa msumarini, na badala ya kuogopa nilikasirika, kwamba walikuwa wanaijadili kana kwamba nimekosea tayari.

Makongolosi ndiko nilikoanza kazi ya kweli. Shimo lilikuwa limefurika, maji rangi ya chai ya maziwa, na pampu ya mwenye shimo ilikuwa imezama na mipira yake yote. Asubuhi ile Luse aliionja hewa, akafumba macho, kisha akatema mate chini. "Hii ina moshi," alisema. "Haendi mtu." Mwenye shimo akaja juu. Alikuwa na vijana wake wamekaa bure, akatuuliza kama tumekuja kuzama au kuonja hewa kama supu. Luse hakubishana naye, aliketi juu ya mtungi kama mtu aliyefika nyumbani. Tulipochunguza tukakuta upepo ulikuwa umegeuka tulipokuwa tunajaza, moshi wa injini ya pampu ya jirani ukaingia kwenye mashine yetu. Ningeshuka na hewa ile ningelala usingizi kule chini. Tulimwaga mitungi yote, tukahamishia mashine upande wa pili wa kilima, tukajaza upya, na safari hii Luse alipoonja akatazama juu akasema, "Iko safi, shika." Toka siku hiyo sikuwahi kuitilia shaka hewa aliyoionja yeye. Nasema wazi, nilikuwa namwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe, na kumwamini kule kulikuwa ndicho kitu pekee kilichonituliza.

Ndani ya shimo hakuna unachokiona. Unafumbua macho, unafumba, ni yale yale, kwa hiyo unafanya kazi kwa vidole. Nilipapasa mpaka nikaikuta pampu, nikaifunga kamba, na nilipokuwa naifunga nikaanza kusikia Nyepesi inatoa mlio mdogo wa kukwaruza kila ninapovuta, halafu mapovu yakawa yanavuja yenyewe hata nisipovuta. Nilitoka salama, pampu ikavutwa, vijana wakashangilia. Baba Tumpe alikifungua kichwa cha regulata kwenye beseni, kukatoka tope jekundu na mchanga kutoka kwenye springi, maana Nyepesi ina matundu pembeni ambayo maji huingilia. Akanitazama. "Tope linaoshwa," nikasema haraka, kabla hajafungua mdomo. "Linaoshwa, ndiyo," akajibu, akaendelea kusuuza. Miezi iliyofuata tulirudi Makongolosi mara kadhaa na kila mara niliosha springi ile mpaka vidole vikachanika. Luse alinitania kwamba nimeolewa na regulata, na mahari ni maji ya beseni.

Kisha ukaja wakati wa baridi, na tukaitwa Mufindi. Shamba moja la chai lilikuwa na bwawa ambalo lango lake halifungi. Gogo la mti lilikuwa limenasa chini, maji yanavuja usiku na mchana, na kiangazi kilikuwa bado kirefu. Maji yakiisha kiwanda kinasimama, na kiwanda kikisimama wachumaji wanarudi makwao. Tulilazwa kwenye nyumba ya wageni ya shamba, chumba kikubwa chenye dari la mbao na meko ya ukutani, tukala ugali na maharage huku migongo yetu inaganda na nyuso zinaungua. Walinzi wawili walikuwa wanaota moto nasi, wakizungumza kuhusu sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuunguza mimea. "Kesho itapiga," mmoja alisema. "Ile mboga yangu kwisha habari." Mwenzake akacheka, "Afadhali mboga. Hawa wanaingia kwenye hii maji. Hii maji ya huku inauma, siyo maji hii." Nilisimama nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka Luse akaniambia nikae nisije nikachakaza sakafu ya watu. Baba Tumpe alikuwa ameziweka regulata zote mbili mezani. Aliniuliza mara moja tu, "Kesho ipi?" Nikamwambia ile ile. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakula tena.

Asubuhi majani yote yalikuwa meupe. Tulitembea juu ya ukuta wa bwawa yakikatika chini ya viatu, wachumaji wamejipanga kando wamejifunika kanga na makoti. Nilivaa nguo ya mpira, mkanda wa vipande vya madini ya risasi wa kunizamisha, miwani. Luse akaichukua Nyepesi akaionja. Kwa sababu ya ubaridi na kwa sababu ya kunijali, aliionja zaidi ya siku zote, akivuta na kutoa, akivuta na kutoa, mvuke ukimtoka puani. Akatazama juu. "Iko safi, shika." Nikashika, nikashuka. Maji yalinibana kichwa kwa kukaza, lakini kazi ilikwenda. Nilifika langoni, kina cha nyumba ya ghorofa moja hivi, nikalipata gogo, nikaanza kulipitishia kamba. Hapo hewa ikafunguka. Haikuvuja kama Makongolosi, ilifunguka yote, ikanijaa mdomoni kwa kishindo, mapovu yakanifunika uso, miwani ikatikisika, sikuona kitu na sikusikia kitu ila mngurumo. Ukivuta inakuja, ukiacha inakuja, na mtungi unaisha. Mwili wote uliniambia tema. Tema hiki kitu kinachokupiga, halafu uende juu. Na juu yangu kulikuwa na ukingo wa lango ambao ningejigonga nao nikiwa sina hewa.

Sikutema. Nililegeza midomo pembeni, hewa ya ziada ikatoka, nikawa nabugia kidogo kidogo ile iliyobaki, nikavuta kamba kama tulivyokubaliana. Mabega ya Luse yalifanya yaliyobaki. Nilitolewa kando ya ukuta natetemeka, Nyepesi bado inanguruma nyasini mpaka mtungi ulipokauka. Nakumbuka mwanamke mmoja mchumaji alivua koti lake akanifunika bila kuniuliza jina. Luse hakunikaribia. Alikuwa bado ameshika kamba, ameizungusha mkononi mpaka ngozi imekuwa nyeupe, na alikuwa anaitazama ile regulata, hakunitazama mimi.

Baba Tumpe aliifungua kwa kisu pale pale. Ndani ya kinywa, kwenye kile kijiko kidogo kinachofungua na kufunga, kulikuwa na barafu nyembamba, na kwenye springi iliyo wazi nayo imeshikana barafu. Alikaa nayo muda mrefu. Hewa inayotoka kwa nguvu mtungini hupoa sana, alituambia, hilo alilijua. Lakini hakuelewa kwa nini barafu ianzie mdomoni. Kesho yake asubuhi, kwenye sakitu ile ile, alizileta zote mbili ukutani. Akamwambia Luse aionje Nzito kama kawaida. Luse akaonja, akakabidhi, Baba Tumpe akabonyeza kitufe chake cha kutolea hewa, na haikupita muda hata Nzito, regulata ya kofia na mafuta, ikaanza kupiga mluzi mdomoni. Kichwa chake kilikuwa kikavu, hakikuganda. Kinywa ndicho kilichoganda. Akakifuta, akakikausha kifuani ndani ya koti lake, akaibonyeza tena bila mtu kuiweka mdomoni. Ikatulia. Akaigeuza geuza mkononi. "Ni pumzi yetu," alisema. "Tunapumulia mvuke humu, unaganda. Ndiyo kuonja kwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa heri angesema kwa ukali, maana Luse angekuwa na cha kujibu. Alikaa kwenye jiwe, mtu mkubwa vile, akaweka mikono katikati ya magoti. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. Baba Tumpe akamwambia, "Hapana, mwanangu, ni baridi. Mimi ndiye niliyekufundisha kuonja, na kule Makongolosi kuonja kulimwokoa huyu. Lakini huku tusionje. Nusa hewa kwenye mtungi kabla ya kufunga, moshi utaujua. Mzamiaji avute mara ya kwanza kichwa kikiwa ndani ya maji." Luse alitikisa kichwa. "Kunusa si kuonja, Baba," alisema. Nami nilikuwa nimesimama hapo kwenye koti la mtu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na la kusema haraka.

Niliichukua Nzito. Hilo ndilo jibu la watu wote walioniuliza baadaye, na wameniuliza wengi: kwa maji ya baridi na kwa maji ya tope chukua ile ambayo springi yake imefunikwa, ile inayokupa hewa kwa kinyongo. Hewa rahisi ni ya maji rahisi. Lakini nikijibu hivyo huwa naona nimejibu nusu, kwa sababu hata Nzito ilipiga mluzi ilipopewa kwa upendo wa namna ile. Ilibidi nichague na namna ya kupewa. Siku ile tulisimama ukingoni, Luse amenusa mtungi, amefunga kichwa cha regulata, amekikausha kinywa kwa kitambaa safi, na sasa ameishika Nzito kwa mikono miwili lakini hainyooshi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa kukosa kazi. "Vero, nakupa kitu nisichokijua," alisema. Nikamwambia, "Nipe hivyo hivyo." Akanipa, akageuza uso pembeni. Niliing'ata, nikajizuia kupumua, nikazamisha kichwa, na pale ndani ya maji yanayouma nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena, kwa kuamua, ikaja, polepole, kidogo, kama mtu anayekuhesabia. Niliichukia kila pumzi yake na kila pumzi yake ilinirudisha. Nilifunga gogo, wakalivuta, lango likashuka mpaka chini, na nilipotoka wachumaji walikuwa wanapiga vigelegele kwenye sakitu.

Mwisho wa mwaka Nyepesi ilirudi Dar es Salaam kwenye blanketi lake, na mimi sikurudi kwenye cherehani. Nilizama miaka mingi, na kamba yangu ilishikwa na watu wengi wazuri. Luse hakuwa mmoja wao. Aliaga jikoni, tukiwa tunakula, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kushika kamba naweza," alisema. "Kumpa mtu kitu sijaonja, siwezi. Mkono unakataa." Mama Tumpe alimbembeleza kwa Kinyakyusa. Mimi nilikuwa na neno la kumwambia, neno moja tu, lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu na roho inanienda mbio, nikadhani nitamwambia kesho. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwenda Makongolosi kwenye dahabu, kama alivyozoea kuitamka. Huko alikaa, akaoa, akazeeka. Niliulizia habari zake kila nilipopita njia hiyo, na kila mara niliambiwa ametoka kwa haraka kwenda mahali pengine.

"Wameweka viazi," aliniambia juzi kwenye tangi, kabla hata ya salamu, bila kugeuka. Nikasema naona. Ndipo tukasalimiana vizuri, tukapeana pole ya msiba, tukaketi kwenye benchi la uani, mlango wa chumba changu cha zamani ukiwa mbele yetu. Tulizungumza habari za watoto, za magoti, za marehemu. Halafu akasema, akitazama mikono yake, "Miaka yote hii najua nilikuwekea barafu mdomoni. Kila nikisikia umekuja Makongolosi nilikuwa najificha. Ningekuangalia vipi?" Nikahisi miguu inataka kusimama. Nikaikataza.

Nikamwambia lile neno. Nilimwambia kwamba kule chini, hewa ilipofunguka, mwili wote uliniambia niteme. Wazamiaji wengi hutema, na wanaotema chini ya lango hawatoki. Kilichonizuia hakikuwa mafunzo wala ushujaa, na Mungu anajua sikuwa mtulivu. Nilikumbuka uso wake umetazama juu. Nilijiambia, hewa hii Luse ameionja. Ni nyingi, inanipiga, lakini ni safi. Huwezi kufa kwa kitu alichokionja Luse. Ndiyo maana nikaendelea kuing'ata. "Barafu uliiweka wewe," nikamwambia. "Na kutoitema, ni wewe pia. Nilikusudia kukuambia kesho yake." Aliinama, mabega yale yakawa yanatikisika, nami nikalia bila kuona aibu, watu wakadhani tunamlilia Baba Tumpe, na labda ilikuwa hivyo pia.

Msichana mmoja wa nyumba ile alipita na chupa ya chai na vikombe, akatuachia. Luse alijifuta uso, akamimina kimoja, akaninyooshea kwa mikono miwili, moja kwa moja. Nikaona kwamba hakuonja, na nikaelewa kuwa hakuwa ameonja kitu cha mtu tangu Mufindi. Sikukipokea. Niliweka mikono yangu magotini.

"Onja kwanza," nikasema.

Alinitazama. Kisha akakirudisha kikombe kwake, akanywa funda moja, akafumba macho, akainua uso juu akangoja, sawasawa kabisa na zamani, mzee mwenye mvi anayesikiliza tumbo lake. "Iko safi," alisema. "Shika." Nikashika kwa mikono miwili, nikanywa yote, na miguu yangu ilikuwa imetulia.